Zoezi la Kunasana

"Mtu wa kuninasa mimi mtandaoni hajazaliwa," alitangaza Yoramu, amesimama juu ya kiti kama mgombea udiwani. "Na huyo mama yake ndiyo kwanza yuko chekechea!"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata Dokta Josephine, aliyekuwa akiwafundisha jinsi vikundi vya chuki vinavyowavuta vijana kupitia simu, aliinamisha uso asionekane anacheka. Kisha akapitisha kofia yenye vikaratasi vya majina. Kila mwanafunzi alichukua jina la mwenzake kwa siri. Kazi ilikuwa moja: fungua akaunti bandia, jifanye mtu wa kikundi, mvute mwenzako kadiri utakavyoweza. Ijumaa wangejitaja.

"Wanaanza kwa kugusa kidonda chako," Dokta aliwaonya. "Wakishakipata, watakuuliza nani mwingine anaumwa. Hapo ndipo mtu anapowatoa watu wake."

Walipotoka nje, Debora alimvuta Yoramu shati. "Komediani, ile klipu uliyorusha mtandaoni siku ile una hasira, umeifuta?"

"Ya nini? Hata mimi mwenyewe sijawahi kuisikiliza mpaka mwisho."

"Ifute."

"Sawa, mama mkwe."

Urafiki wao ulianzia siku ya kwanza pale chuoni. Likizo Yoramu alikuwa akienda naye kwao Bahi, mama yake Debora akimwita mwanangu, na kaka yake, Lameck, akimwazima bodaboda yake ajifunzie kwenye vumbi. Yoramu akianguka, wote wanacheka, Lameck kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake akaunti ikabisha hodi. Ilijiita Sauti ya Waliosahaulika.

"Ndugu Yoramu, pole ya mzee. Amelima Nzuguni ujana wake wote, leo kaja mtu na hati, shamba si lake tena. Mzee analia na jembe mkononi, tena mbele ya wakwe zake! Sisi tumeumia."

Yoramu alianza kucheka, kisha akausoma tena. Baba yake kulia mbele ya wakwe! Aibu ile alimnong'oneza Debora peke yake, naye alimshika mkono akaapa haitatoka pale.

Kumbe imetoka. Debora kachukua jina lake kwenye kofia, kaitoa kwa ajili ya maksi.

"Poa," alijisemea, macho yakimchonyota. "Kama ni mchezo, tucheze."

Akajibu kwamba amechoka kuonewa. Akaunti ikambembeleza kwa maneno matamu, ikimwita shujaa, ikimwambia marafiki zake wa chuo hawamfai. Hilo la mwisho Yoramu alilikubali kwa moyo wote.

Kantini, Debora alimsogezea kikombe cha chai. "Nani kakukanyaga?"

"Unamjua."

"Simjui."

"Basi hongera. Utapata A."

Debora akacheka, akidhani ni vichekesho vyake vya kila siku. Kicheko kile kilimuuma Yoramu kuliko ule ujumbe wenyewe. Mtu anakuuza, halafu anakusogezea chai!

Jioni hiyo akaunti ikauliza: "Ndugu, nani mwingine ana uchungu kama wako?"

Yoramu akatabasamu. Sasa na yeye Debora aonje ladha ya kuanikiwa familia.

"Lameck wa Bahi," akaandika, akaweka na namba. "Pikipiki yake inakamatwa kila kukicha, ana hasira na dunia nzima. Mwambieni mimi ndiye niliyewatuma. Ananiamini."

Alingoja Debora aje juu. Debora hakusema neno, siku hiyo wala zilizofuata. Ana roho ngumu huyu, alifikiri Yoramu.

Asubuhi ya Ijumaa simu yake iliita na kuita. Debora. Hakupokea. Anataka kuomba msamaha kabla ya kuumbuka, akaona, akaizima kabisa na kwenda darasani akipiga mluzi.

Wakaanza kujitaja, vicheko kila kona. Zamu ya Debora ilipofika, alisimama macho mekundu, simu mkononi.

"Mimi nilimpata Emiliana," alisema kwa sauti ndogo. "Alinibloku siku ya kwanza."

"Mwongo!" Yoramu aliruka. "Mambo ya baba yangu nilikwambia wewe tu!"

Emiliana akageuka. "Wewe tu nani? Si uliyasema mwenyewe mwisho wa klipu yako, huku unalia? Mbona chuo kizima tumesikia."

Yoramu akaketi tena.

"Aliyempata Yoramu asimame," Dokta akaamuru.

Nyuma kabisa Noeli aliinuka taratibu, akijikuna kichwa. "Dokta, nisamehe. Malaria ilinilaza wiki nzima. Sijamtumia hata salamu."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Debora hakucheka. Alikuja mpaka kwenye dawati la Yoramu, akasimama mbele yake.

"Nimekupigia tangu alfajiri," alisema. "Kaka Lameck ameondoka jana kuwafuata watu waliomtafuta kwenye simu, hapatikani. Alimuaga mama, akamwambia asiwe na wasiwasi, hao watu wametumwa na wewe. Mama anauliza, Yoramu: mwanawe umempeleka wapi?"