Asali ya Nzioka

Shemeji yangu Nzioka alikuwa akimlisha dada yake asali. Dada yake ni mke wangu, na ana ugonjwa wa sukari.

"Ini lake limechoka," alisema, kibuyu mkononi. "Asali huliamsha."

Nilikuwa nachuna mbuzi. Nikamwonyesha ini, zito na jeusi, lenye nyongo. Kisha nikavuta kongosho nyuma ya tumbo, kinyama laini tunachowatupia mbwa.

"Ini huhifadhi sukari! Hiki ndicho kinachoizuia isijae kwenye damu, na chake kimekufa. Daktari alikuambia!"

Akacheka. "Shemeji, nani huugua kinyama cha mbwa?"

Nikampokonya kibuyu nikimwage. Kilikuwa kitupu, alikuwa ametoka kumnywesha.

Baadaye mke wangu alipata kidonda mguuni, nacho hakikupona. Madaktari walimkata mguu wa kushoto, wakarudi kukata vidole viwili vya mguu wa kulia.