Nyoka Aliyegoma Kuonwa

Mama Giok-to alikataa tena kuinua blauzi.

Daktari Peishan, mke wa mwanawe, alisimama mbele yake na glavu mikononi, na nje ya pazia kliniki imejaa watu. Mama mkwe alikuwa amekuja na habari moja tu: ana nyoka wa ngozi, ule ugonjwa ambao wengine huuita mkanda wa jeshi. Yuko ubavuni, anaunguza kama pasi, malengelenge yametoka jana. Apewe vidonge aende zake.

"Nikuone kwanza, Mama."

"Ubavu wangu aliuona marehemu baba yenu, na inatosha."

Peishan akamweleza kwa upole kwamba dawa ya virusi si peremende. Haitolewi kwa kusimuliwa. Huenda ni upele mwingine kabisa, na kipimo cha dawa hutegemea figo za mtu. Mama Giok-to alisikiliza kwa umakini ambao mkwewe hakuwahi kuuona kwake.

"Tuseme ni mzee hasa," akauliza. "Kapita themanini, figo zimechoka. Atameza hivyo hivyo?"

"Atapunguziwa, baada ya kupimwa damu. Na anywe maji ya kutosha. Lakini wewe una sabini na moja, Mama, na figo zako nilizipima mwenyewe. Nzima."

"Nauliza tu. Na kama anapenda pombe ya mchele?"

"Wewe hunywi pombe."

"Sijachelewa kuanza."

Akaondoka bila dawa, na Peishan akabaki na roho juu. Dawa ile hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo. Ukichelewa, malengelenge hukauka na maumivu hubaki, pengine kwa miaka. Aliwahi kutibu watu wasioweza kuvumilia hata shati liwaguse. Na Peishan alimpenda mama huyu kuliko alivyowahi kumwambia.

Kibaya zaidi, alijua vizuri mguu wa mama mkwe ungeelekea wapi. Nyuma ya hekalu aliishi Mzee Bun-tek, mkata nyoka. Yeye humpaka nyoka huyo wa upele wino kichwani na mkiani, husoma maneno yake, kisha hukata hewa kwa upanga. Mji mzima wa Lukang unajua kwamba nyoka akizunguka kiuno mpaka kichwa kikakutana na mkia, mtu huyo anazikwa. Wagonjwa wengi walifika kliniki wakiwa wamechelewa, wino ungali mbavuni. Siku moja Peishan alipandwa na hasira, akabandika ukutani karatasi yenye maandishi mekundu: NYOKA WA NGOZI HAKATWI KWA UPANGA. Mzee Bun-tek akajibu palepale sokoni, mbele ya wauza samaki, kwamba atakayemwona kwenye mlango wa yule mwanamke auchukue upanga wake akakatie mboga. Mji ulicheka mwaka mzima.

Mchana ule, baada ya kutoka kliniki, mama mgonjwa alikula mayai yaliyokaangwa na chaza sahani mbili, kisha akapandisha gunia la mchele ghorofani peke yake. Peishan alimtazama akatikisa kichwa. Wazee hawa, alijisemea, watakufa huku wakificha maumivu.

Asubuhi iliyofuata Mama Giok-to alikuja na masharti. Angekubali kuonwa, lakini nyumbani kwa Mzee Bun-tek, na mzee mwenyewe awepo. Daktari aje na mkoba wake, na sindano ya kutolea damu, na dawa. Apite mlango wa nyuma, tena asimwambie mtu.

Peishan alikasirika sana. Kwa mkata nyoka! Lakini siku zilikuwa zinayoyoma, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama kweli, maana mlango wa nyuma wa mzee ulikuwa mfupi.

Mzee Bun-tek alikuwa ameketi wima kwenye kiti, amevaa shati pana, mkono wa kushoto ameutenga na mwili. Hakuinuka kumpokea mgeni. Kiburi hicho, Peishan aliwaza. Upanga ulining'inia ukutani, umefungwa kitambaa.

Hakutaka maneno mengi. Akamwambia mzee, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba akitaka kukata hewa yake na aikate, ila mama atameza vidonge kwa saa zake mpaka viishe, hata malengelenge yakikauka mapema, na hatamgawia jirani hata kimoja. Alijiandaa kwa ugomvi.

Mzee hakugomba. "Mpaka viishe," alirudia taratibu, kama mtoto anayekariri somo. Kisha akauliza, macho chini, "Na usingizi? Mtu ataweza kulala?"

"Nitampa na ya maumivu. Atalala."

Mzee akashusha pumzi. Hapo Peishan alianza kumwonea haya kidogo kwa ile karatasi ya ukutani. Kumbe hata huyu anamhurumia mama.

Mama Giok-to alichungulia uchochoroni, kushoto na kulia, akafunga mlango na kuvuta pazia. Peishan akavaa glavu na kumgeukia.

"Haya, Mama. Inua blauzi."

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi, akapakata mikono.

"Mimi niliapa sitamwambia mtu, na sijamwambia mtu," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Kaka Bun-tek, vua shati. Daktari hang'ati."