Mkia wa Ndege

Ndege ya rimoti yenye injini ya petroli huhitaji watu wawili: mmoja wa kuzungusha rafadha puani, mwingine wa kushika mkia isikimbie mapema. Mize ndiye aliyeshika mkia, mpaka mumewe, Faki, aseme, "Achia."

Mize alipozikwa, Faki aliing'oa injini, akaipeleka ndege kwa fundi Sudi aifungie mota ya umeme ambayo mtu mmoja anaiweza.

Sudi aliipima mkononi. "Betri haitauinua mzigo huu, kaka. Rangi tu ni nzito kama mlango."

Ilikuwa rangi ya mlango kweli. Kila Idi walipoupaka mlango wao, Mize alimalizia mabaki ya kopo kwenye ndege.

Faki akachukua msasa, akaanza kusugua. Ikatoka kijani, ikatoka buluu, ikatoka ile ya maziwa ya mwaka waliohamia. Vumbi lilimjaa mapajani, hakulipangusa. Alipofika mkiani alikuta alama za vidole vinne. Idi moja Mize aliushika rangi haijakauka, na Faki alimgombeza.

Akauweka msasa chini.

"Na hapo pia," alisema Sudi taratibu. "Mkia ukizidi uzito utaivuta nyuma."

"Hapo paache."

Asubuhi, uwanjani, Faki aliiweka ndege chini peke yake. Mota ikazunguka bila kelele. Ndege ikakimbia, ikainuka kwa shida, pua juu, mkia ukiinama kama umeshikwa.

Faki alifumbua mdomo aseme "achia", akaufumba.