Paka Anayemenya Mayai

Maganda ya yai yalikuwa yamepangwa vizuri ukingoni mwa sahani, na chumvi imemwagika kidogo pembeni. Profesa aliinama, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akafungua daftari.

"Baba," akauliza, "paka huwa anamenya yai kabla ya kulila?"

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa mlangoni akifunga vifungo vya shati, na kile cha tumboni kilikuwa kimegoma. Alijibu bila kugeuka kwamba paka wa siku hizi wamejanjaruka.

"Na chumvi je?"

"Andika tu, mwanangu. Kazi ya mwanasayansi ni kuandika."

Profesa akaandika. Jina hilo alibandikwa na mama yake tangu siku alipojua kuuliza maswali. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni alikuwa amepewa kazi ya wiki mbili: achague mnyama mmoja wa nyumbani, aandike anavyopata chakula, anakula nini, na chakula hicho kinamfanyia kazi gani mwilini. Fundi hakuuliza amechagua yupi. Kwa alivyojua yeye, nyumba nzima ilikuwa na mnyama mmoja tu, paka wa kijivu mwenye tabia ya kuja na kupotea apendavyo.

Kazi hiyo ilimfaa fundi kuliko ilivyomfaa mwalimu. Siku chache kabla, daktari alikuwa amempima sukari akatikisa kichwa. Njia nzima ya kurudi mkewe alimshika mkono kwa nguvu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Walipofika nyumbani akatoa sharti moja. Kabati la chakula hatalifunga, maana mumewe ni mtu mzima. Lakini kikipotea kitu, hata mfupa wa kuku, na ikajulikana ni yeye, basi dada yake mkubwa atakuja kukaa nao miezi mitatu, amsimamie.

Shemeji huyo alikuwa muuguzi mstaafu. Alipima wali kwa kijiko, na aliweza kumnyang'anya mtu mkate uliokwisha kufika mdomoni. Mara ya mwisho alikaa siku nne tu, na fundi akalazimika kujipunguzia suruali mbili. Fundi alimheshimu sana, hasa akiwa mbali.

Kwa hiyo kila alfajiri fundi alishuka kitandani kwa ncha za vidole. Siku moja likatoweka paja la kuku. Siku nyingine ikatoweka siagi, pamoja na mkate wa kuipakia. Keki ya jirani ililiwa upande wenye krimu tu, ule mkavu ukaachwa. Na kila kulipopambazuka, fundi alikuwa wa kwanza kusikitika. Alisema paka huyu atawatia umaskini. Mkewe aliguna tu, akaendelea kuchemsha chai.

Kulikuwa na tatizo moja: kisahani cha maziwa chini ya meza. Kila alfajiri fundi alikikuta kimejaa vilevile kilivyowekwa. Hilo lilimkera. Mlafi kama yule wa kwenye daftari haachi maziwa. Fundi akapiga magoti, akayanywa yeye, ushahidi usije ukapungua.

Jioni Profesa alimfundisha yale aliyojifunza. Mmea, alisema, hauhangaiki kutafuta. Unakaa juani, unavuta maji kwa mizizi na hewa kwa majani, unajitengenezea chakula chake papo hapo. Mnyama hawezi, ni lazima atafute kilichotengenezwa na mwingine. Akishakipata, anakitumia kutembea, kupata joto na kukua. Kinachozidi, mwili unakiweka akiba kuwa mafuta.

"Akiba hiyo inawekwa wapi?" fundi aliuliza.

"Sana sana tumboni, baba."

Fundi alivuta gazeti akajifunika. Baada ya muda akauliza kutoka nyuma ya gazeti kama paka wao naye ameanza kuweka akiba.

"Huyu ninayemwandika?" Profesa alifikiri kidogo. "Ananenepa. Ananenepa kweli."

Siku ya kumi na nne daftari likajaa. Kilichobaki kilikuwa saini ya shahidi mmoja mtu mzima, anayethibitisha kwamba yote yaliyoandikwa yalifanywa na mnyama aliyetajwa. Walikaa mezani wote watatu. Fundi alishika kalamu, akamtazama mkewe, akaona jinsi macho yake yalivyochoka tangu siku ile ya daktari. Nusura aseme ukweli. Neno lilifika hadi kooni. Halafu akamkumbuka shemeji na kijiko chake, akalimeza na hilo.

"Una hakika ni paka, Baba Profesa?" mkewe aliuliza kwa upole. "Ulimwona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya mawili. Asubuhi ya leo tu nimemkuta juu ya kabati, krimu imemjaa kwenye masharubu. Nikamfukuza, akapitia dirishani."

Profesa aliyatazama masharubu ya baba yake, akaomba arudishiwe daftari mara moja, akaongeza mstari mmoja. Kisha fundi akatia saini, ndefu na ya mbwembwe, kama anayeweka nembo kwenye suti ya harusi. Akaegemea kiti, moyo mweupe. Hatari ilikuwa imepita.

Mkewe alilichukua daftari, akaipuliza saini ikauke, akalifunga taratibu.

"Paka tulimpeleka kwa dada siku ile ile tuliyotoka kwa daktari," alisema. "Kesho wanakuja wote wawili."