Mzee Aliyekataa Ghorofa

Mzee Bakili hakuwa na gari, hakuwa na televisheni, hakuwa na mtoto wa kumrithi wala mke wa kumgombeza. Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti cha darasa la jioni, nacho alikitundika ukutani ndani ya kioo. Tena hakuwa na ghorofa, na hilo liliwashangaza watu wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa sababu ghorofa alikuwa akibembelezwa alipokee.

Nyumba za zamani za mtaa ule zilikuwa zimekwisha kuangushwa. Zilibaki mbili, zimebanwa katikati ya maghorofa: anayokaa yeye na ya jirani yake, Bi Maimuna. Mwekezaji alivitaka viwanja vyote viwili kwa pamoja ajenge ghorofa kumi na nne. Kimoja peke yake hakikumtosha. Mwenye kiwanja angepewa maduka mawili chini na nyumba mbili juu.

Bi Maimuna alikuwa amekwisha kutia sahihi. Binti yake aliuza viatu vya mitumba Mchikichini, juani, chini ya mwavuli uliotoboka, na mama alitaka kumwona akiuza ndani ya duka kabla hajafa. Alimngoja Mzee Bakili tu.

Jumatatu alikuja Godbless, kijana wa mwekezaji, viatu vimeng'aa kuliko barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Bosi amesema mwisho Ijumaa. Ikipita hiyo tunahamia mtaa mwingine, huko wanatusubiri kwa chai."

"Mkanywe salama."

Godbless akacheka. "Mzee, wewe ungecheza beki, timu isingefungwa. Haya, leo sitaki sahihi. Nipe nakala ya hati tu nikaangalie Ardhi."

"Hati si gazeti, kijana, kila mpita njia alisome."

Vijana waliokuwa wakinywa kahawa barazani wakaangua kicheko. Winifrida, muuza vitenge wa upande wa pili, akapaza sauti: "Mwacheni baba wa watu. Huyo ndiye mwanaume aliyebaki Kariakoo. Wengine wangeuza hata kitanda na mgonjwa juu yake."

Mzee Bakili akainama kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Alhamisi asubuhi Bi Maimuna alikuja mwenyewe, akikokota mguu wake mbaya. Mzee Bakili alimwona tangu mlangoni kwake, akajiandaa kwa ugomvi.

"Kaka Bakili, nisikilize, halafu sitakusumbua tena."

"Sema, dada."

"Juzi nimekusengenya. Nilimwambia binti yangu wewe una roho mbaya, hupendi mtu apate."

"Una haki."

"Sina haki. Nimekaa nikafikiri. Marehemu mume wangu hakujua kusoma. Karatasi zake zote ulimsomea wewe, za mirathi, za hospitali, hata barua za yule mwanamke wake wa Tanga."

"Hizo alinikataza nisikwambie."

"Nilijua. Lakini hukuwahi kumpunja hata neno moja. Mtu wa namna hiyo akikataa jambo, ana sababu yake. Nimempigia Godbless, nimemwambia aniondoe kwenye orodha."

"Umemwambia hivyo?"

"Nimemwambia. Na binti yangu amekubali. Anasema mwavuli utashonwa."

Mzee Bakili angetukanwa, angejua la kujibu. Darasa la jioni halikumfundisha namna ya kujibu mtu anayekuamini.

Bi Maimuna alipoondoka, mzee alimpigia Godbless simu.

"Yule mama usimwondoe. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili nyingi, mzee. Nimwambie bosi za nini?"

"Za sahihi."

"Sahihi itapatikana kweli, au unanizungusha?"

"Itapatikana."

Kisha akakaa mezani, akachukua karatasi yenye mistari, akaanza kuandika barua. Ya kwanza aliichana. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na ndiyo maana aliichana. Ya pili ilijaa visingizio, na ya tatu ilimtaja Mungu mara sita. Ya nne ilikuwa fupi. Alipoikunja, masikio yalikuwa yanamwaka moto kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Alivaa kanzu safi, akatoka na bahasha mkononi. Vijana wa kahawa walimpisha njia.

"Mzee, umewaandikia?" mmoja aliuliza. "Wape makavu."

"Leo watajuta," akasema Winifrida.

Alipita bila kumtazama mtu. Alitembea kwa miguu hadi Posta, akapanga foleni kwenye dirisha la barua za rejesta. Mbele yake walikuwa watu watatu, na mara mbili aligeuka kama anayetaka kuondoka. Zamu yake ilipofika, karani alimuuliza barua inakwenda wapi.

"Masasi," alisema. "Kwa mwalimu wa shule ya msingi. Nipe dakika moja."

Akaitoa karatasi, akaisoma kwa mara ya mwisho.

"Mwanangu Selina. Korosho unazonitumia kila mwaka kwa shukrani, usitume tena. Nyumba ya marehemu baba yako, aliyoniachia nikutunzie ulipokuwa mtoto, na ambayo nilikuandikia kwamba imebomolewa kupisha barabara, bado imesimama. Mimi ndiye ninayekaa ndani yake. Njoo utie sahihi."

Alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja, akaisukuma kwa karani kupitia dirishani.