Matairi ya Nyuma

Gari la mashindano lilizunguka kama pia kwenye kona ya kwanza, likaishia mchangani. Tunu akavua helmeti, akamwendea Makame, mumewe na fundi wake, huku watu wakicheka.

"Nisamehe, baba Rehani. Nimekuaibisha. Nimekanyaga mafuta mapema."

"Ndiyo mashindano hayo," alijibu Makame, bila kumtazama usoni.

Alikuwa amepata matairi laini mawili tu, yale yanayoshika lami, akayafunga mbele. Nyuma alifunga magumu, yanayoteleza, na akaona haya kumwambia.

Tunu alirudi kwenye gari, akachutama, akabonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye tairi la mbele, kama Makame alivyomfundisha. Ukucha ukazama.

"Hili zuri," alisema.

Akainuka, akaanza kuzunguka gari kwenda nyuma, kidole gumba kimenyooka.