Buti Zikae Juu

Binti yangu Alliance alikuwa ametia buti chini kabisa ya begi, chini ya masweta na blanketi. Nilipoziona, hasira ilinipanda.

"Nani alikufundisha kufunga mzigo hivi?"

Alikuwa anakwenda Mongolia na wenzake wa chuo, kulala katika mahema ya wafugaji wanaohamahama. Nilimzaa hemani, katika kambi ya wakimbizi. Nimebeba maboksi kwenye depo la mizigo hapa Columbus, Amerika, mpaka mgongo ukanikatika, ili asilale tena hemani. Sasa anakwenda kwa kupenda kwake, tena anacheka.

Nilimwaga kila kitu sakafuni, nikapanga upya. Buti niliziweka juu, kamba nimezilegeza, tayari kuvaliwa.

"Risasi zikilia, utaanza kuchimbua begi?"

"Mama, wale watu wanahama kufuata majani ya mifugo. Hakuna anayewafukuza."

"Bon, haya. Na sisi tulijua kama tutafukuzwa?"

Alitazama viatu vyangu pale mlangoni, vimeelekea nje, kama ninavyoviacha kila siku tangu tufike Amerika. Akainama, akavigeuza vitazame ndani.

Nikavirudisha.